Nusu Saa ya Udi

Alhamisi, saa tatu kasoro dakika nne.
Nafunga dirisha la upande wa Bugando,
nazima feni. Kipaza sauti kina masikio ya mchawi,
husikia hata jasho linavyoshuka.
Namwambia Lushinge: vua saa.

Amevua, ameiviringisha kwenye leso.
Mchana hufundisha hesabu Nyegezi.
Sasa amepakata kitu chenye tumbo la tikiti
na shingo iliyovunjwa kwa makusudi,
udi wa Wazungu, mjukuu wa udi wa Waarabu,
aliouchonga seremala wa Igogo kwa kutazama picha:
mgongo mninga, uso msonobari
wa kreti lililokuja na vioo.
Nyuzi ni nailoni ya Mwaloni,
ileile ambayo mabwana samaki huimwagia mafuta ya taa
wakiikuta imesukwa timba.
Hapa imenyooshwa. Imesamehewa.

Nyanzobe ametoka zamu, wodi ya watoto;
viatu vyake bado vinanuka dawa ya kudekia.
Huimba nyimbo za watu waliokufa miaka mia nne iliyopita,
watu wa baridi, wa kola za marinda,
waliokuwa na muda wa kulia kwa mpangilio.
Siku ya kwanza nilimuuliza: huu unasema nini?
Akasema: mtu anaubembeleza mshumaa usiishe upesi,
maana ukiisha, mgeni wake ataaga.
Nikamwambia, basi hayo hata Sengerema yapo.

Mimi nimelelewa na ngoma.
Kwetu Wagika na Wagalu wakishindana
mshindi ni aliyemwibia mwenzake watazamaji,
unaona kabisa vumbi likihama upande.
Hapa hakuna vumbi. Naangalia sindano ya mita,
inatetemeka kidogo, inarudi,
kama mtu anayetaka kuuliza swali akaghairi.

Ubeti wa tatu, sindano ikalala.
Isamilo nzima ikameza taa zake,
hedifoni zikawa vikombe vitupu masikioni mwangu,
na jenereta lilikuwa na dizeli ya kusimulia tu.

Wao hawakujua.
Nyanzobe hapendi balbu akiimba,
walikuwa na mshumaa wao tangu mwanzo.
Kazi yangu ilikuwa kuinua mkono.
Mkono haukuinuka.

Nikavua hedifoni. Nikawasikia bila waya,
kwa mara ya kwanza, miezi saba tangu tuanze:
kucha ikikwaruza uzi kabla ya sauti,
pumzi anayoiiba katikati ya neno,
mbwa wa chini huko Kirumba akiingilia, akiacha,
na nyuma ya yote ziwa, ambalo halijawahi kuomba kimya kwa mtu.
Nusu ya Kanda ya Ziwa ilikuwa ikisikiliza mchemko.
Mimi peke yangu nilipewa wimbo.
Nilijisikia mwizi, na sikurudisha.

Lushinge akalaza kiganja juu ya nyuzi
taratibu, kama anayemfumba mtu macho.
"Tumeendaje?"
Nikasema: vizuri.

Saa nne na robo, simu.
"Naitwa Gamaya, nalinda jineri huku Magu.
Ulitueleza habari za mshumaa, ukatuachia njiani.
Sasa uliisha au haukuisha?"
Nikamjibu: wimbo unakwisha, mshumaa hautajwi tena.
Akanyamaza. Nilisikia betri za redio yake zikigongana mfukoni.
"Si haki," akasema. "Hebu nionyeshe unavyokwisha."

Mimi, ambaye mama aliniambia sauti yangu ni bawaba,
nilishika simu kwa mikono miwili nikavumisha.
Nikakosea mahali pawili.
Pale sauti inaporudi mwanzo alinitangulia,
alikwishaikariri Alhamisi zilizopita,
tukaenda pamoja, yeye na marobota yake ya pamba, mimi na mitambo iliyokufa,
mpaka salio lake likakata.

Noti ya mwisho ilibaki kwangu.
Nikatoka nayo mdomoni hadi kwenye ngazi,
umeme ukarudi, feni za jirani zikaanza,
nikaimeza.